George de Hevesy na Atomu Zenye Kengele

Mgonjwa apelekwaye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, mjini Dar es Salaam, ili mifupa yake ipigwe picha kwa dawa yenye mionzi, hudungwa sindano ya maji kidogo mno. Maji hayo hayana rangi wala harufu. Hungoja saa mbili au tatu, kisha hulazwa mbele ya kamera isiyotoa mwanga wowote. Picha ipatikanayo haitokani na miali iliyopitishwa mwilini kutoka nje, kama ilivyo desturi ya eksirei. Yatoka ndani ya mgonjwa mwenyewe, katika chembe zilizoingia kwa sindano na kwenda kujikusanya pale ambapo mfupa una shughuli isiyo ya kawaida. Daktari huitazama na kujua kama ugonjwa umekwisha kuufikia uti wa mgongo au bado.

Wako ndugu wasomaji waliowahi kumsindikiza mzazi au jirani kwa ajili ya kipimo cha namna hii, lakini ni wachache waliopata kusikia jina la mtu aliyeiweka kanuni yake. Mtu huyo ni George de Hevesy, Mhungari, aliyezaliwa Budapest tarehe 1 Agosti 1885. Katika dunia ya wataalamu jina lake ni kubwa. Yafaa lijulikane na wafanyakazi pia, kwa sababu kazi yake ilianza kwa vitu vidogo: mabaki ya chakula, miche ya maharagwe, panya, na chupa ya majimaji yenye harufu mbaya.

Hakuwa mtoto wa kabwela. Baba yake alikuwa tajiri, na mama yake alitoka katika ukoo wenye cheo cha ubaroni. Walikuwa watu wa asili ya Kiyahudi walioishika dini ya Kikatoliki, na mtoto akasomeshwa na mapadre wa shirika la Piaristi mjini humo. Twayataja haya si kwa kumsifu, bali ili tusimtungie maisha yasiyo yake. Mali ya nyumbani ilimpa jambo moja ambalo vijana wengi wenye akili kama zake hawakulipata: nafasi ya kutokuwa na haraka. Aliweza kuhama kutoka kwa mwalimu mmoja hadi mwingine kwa kadiri alivyopenda kujifunza. Alisoma Budapest, akapita Berlin, akapata shahada ya udaktari Freiburg mwaka 1908, akafanya kazi Zürich, kisha Karlsruhe kwa Fritz Haber.

Mwaka 1911 akafika Manchester, Uingereza, katika maabara ya Ernest Rutherford, yule mwana wa fundi na mkulima wa New Zealand ambaye mwaka huo huo alitangaza kwamba atomu ina kiini. Katika ghala ya maabara ilikuwako shehena kubwa ya risasi, madini yale mazito ya kijivu, iliyotolewa zawadi na serikali ya Austria. Ilitokana na mawe ya urani ya Joachimsthal. Ndani yake mlikuwa na kitu chenye mionzi kilichoitwa radiamu D, nacho kilitamaniwa sana na watafiti. Walakini risasi iliyokizunguka iliimeza mionzi yake. Rutherford akamtaka kijana huyo, kama kweli alikuwa mwanakemia wa kufaa, azitenge hizo mbili.

Hevesy aliihangaikia kazi hiyo karibu miaka miwili. Alitumia asidi, alitumia joto, alitumia umeme, alichuja, alirudia. Radiamu D haikutoka. Leo mwanafunzi wa sekondari aweza kueleza sababu: radiamu D ni risasi yenyewe. Ni isotopu yake, yaani ndugu yake wa tumbo moja, aliyetofautiana naye kwa uzito wa kiini na kwa kutoa mionzi, lakini mwenye tabia zile zile zote za kikemia. Wakati Hevesy alipoanza kuhangaika, neno isotopu lenyewe lilikuwa halijabuniwa. Lilikuja mwaka 1913.

Mtu mwingine angaliomba radhi na kushika njia yake. Hevesy aliligeuza jambo juu chini. Maadamu hapana awezaye kuitenga radiamu D na risasi, alifikiri, basi mtu akichanganya kiasi kidogo cha radiamu D safi na risasi ya kawaida, popote risasi itakapokwenda radiamu D nayo itakuwako, na mionzi yake itatoa habari. Kilichokuwa kikwazo kikawa chombo.

Mfugaji atalielewa jambo hili upesi kuliko msomi. Anapolipeleka kundi malishoni, humfunga ng'ombe mmoja kengele shingoni. Ng'ombe huyo si wa namna nyingine: hula majani yale yale, hunywa kisima kile kile, hufuata wenziwe. Tofauti yake ni kwamba anasikika. Mchungaji aliyekaa nyuma ya kilima, asiyeliona kundi, husikia kengele na kujua limefika wapi. Hevesy alizifunga atomu kengele. Yeye mwenyewe aliita njia hiyo ya viashiria vyenye mionzi, na jina hilo latosha.

Yasimuliwa kwamba kabla ya kuitumia njia hiyo katika sayansi aliijaribu katika nyumba aliyopanga hapo Manchester. Alishuku kwamba mama mwenye nyumba alikuwa akiyakusanya mabaki ya chakula cha Jumapili na kuyarudisha mezani katikati ya wiki katika sura nyingine. Mama akakana. Siku moja Hevesy akanyunyizia punje ya kitu chenye mionzi katika mabaki ya sahani yake. Baada ya siku chache akaleta mezani chombo cha kupimia mionzi, na chakula kipya kikaonekana kuwa ni kile cha zamani. Sisi tuliolelewa mabwenini twamwelewa kijana huyu bila maelezo marefu, ijapokuwa leo hapana mtu wa kuruhusiwa kutia kitu kama hicho katika chakula, hata kwa mzaha.

Mwaka 1913 alikwenda Vienna akashirikiana na Fritz Paneth katika taasisi ya utafiti wa radiamu, mahali palipokuwa na hazina kubwa ya kitu hicho kupita maabara nyingi za Ulaya. Hapo waliitengeneza radiamu D yao wenyewe. Radiamu hutoa gesi, na gesi hiyo ikifungiwa katika kibomba cha kioo huchakaa polepole na kuacha radiamu D isiyochanganyika na risasi ya mawe. Walikikusanya kiasi hicho kidogo na kukitumia kupima kama chumvi za risasi zisizoyeyuka zayeyuka walau chembe majini. Mizani isingaliweza kulijibu swali hilo, mionzi ilijibu.

Vita vya 1914 vilimtia Hevesy katika jeshi la Austria na Hungaria. Vita vilipokwisha, dola hilo likavunjika, na Budapest ikapinduliwa serikali moja baada ya nyingine katika muda wa miezi. Mwaka 1920 alihamia Copenhagen, Denmark, kwa Niels Bohr, ambaye walifahamiana tangu Manchester. Huko yeye na Dirk Coster waligundua elementi ya 72, hafniamu, habari iliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 1922 na kuchapishwa Januari 1923. Ugunduzi huo peke yake ungalitosha kumtia mtu katika vitabu. Kwetu sisi mwaka huo wa 1923 ni mkubwa kwa sababu ya maharagwe.

Alichukua miche ya maharagwe na kuitia mizizi yake katika maji yenye chumvi ya risasi, iliyochanganywa na isotopu nyingine ya risasi yenye mionzi, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 11 hivi. Kisha akaikata mizizi, mashina na majani, akaichoma ikawa majivu, akapima kila sehemu. Sehemu kubwa ya risasi ilikuwa mizizini. Ni kidogo tu iliyopanda juu. Alipoiweka miche hiyo katika maji yenye risasi isiyo na mionzi, zile atomu za kengele zikaanza kutoka na nyingine kuingia mahali pao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanadamu kukifuatilia kitu katika mwili wa kiumbe hai kwa njia hii. Mwaka uliofuata akishirikiana na madaktari wa Denmark alifuatilia bismuthi katika wanyama, kwa kuwa wakati ule madini hayo yalitumiwa kutibu kaswende na madaktari walitaka kujua yaenda wapi yakiisha kudungwa.

Hapo pakawa na ukuta. Vitu vyenye mionzi vilivyojulikana vilikuwa vile tu ambavyo ardhi huvitoa yenyewe, navyo karibu vyote ni vizito kama risasi na bismuthi. Mwili haujengwi kwa risasi. Risasi ni sumu. Mwili hujengwa kwa kaboni, fosforasi, chokaa, chumvi, na kwa elementi hizo hapakuwa na kengele ya kufunga. Kwa miaka kumi na zaidi Hevesy alikuwa na ufunguo usio na mlango. Alikuwa profesa Freiburg tangu mwaka 1926, akijishughulisha na mambo mengine. Maji mazito yalipopatikana Marekani, aliyaomba kidogo, akayachanganya na maji ya kawaida, na yeye na mwenziwe Hofer wakayatumia kuchunguza ni muda gani maji hukaa katika mwili wa mtu. Habari hiyo waliichapisha mwaka 1934. Jibu lilikuwa karibu siku 13. Maji mazito hayatoi mionzi. Yalipimwa kwa uzito wake, kazi ya taabu sana.

Mwaka huo huo mambo mawili yalibadili maisha yake. La kwanza lilikuwa ovu. Watawala wa Kinazi waliokwisha kuishika Ujerumani walikuwa wakiwafukuza vyuoni watu wa asili ya Kiyahudi, na Hevesy hakungoja apewe barua. Aliacha kazi Freiburg akarudi Copenhagen. La pili lilitoka Paris. Mwanzoni mwa mwaka 1934 Irène Joliot-Curie na mumewe Frédéric Joliot walionyesha kwamba kitu cha kawaida kisicho na mionzi chaweza kufanywa kitoe mionzi kwa mikono ya watu. Waliipiga aluminiamu kwa chembe zitokazo katika elementi yenye mionzi, ikatoka fosforasi ya namna mpya, iliyodumu dakika chache tu. Baada ya miezi michache Enrico Fermi mjini Roma akatumia nyutroni badala ya chembe hizo, na elementi nyingi zikatii. Mlango ukapatikana.

Yafaa tukae kidogo hapa, kwa maana watu hudhani kwamba vitu hivi havikupata kutengenezwa ila katika viwanda vikubwa vyenye walinzi. Hevesy alitaka fosforasi idumuyo siku kadhaa. Ipo: fosforasi ya 32, ambayo hupungua kwa nusu kila siku 14. Hupatikana kwa kuipiga salfa kwa nyutroni. Kiini cha salfa kikiipokea nyutroni, chaweza kutoa protoni moja na kugeuka kuwa fosforasi. Chanzo cha nyutroni nacho si mtambo. Ni unga wa beriliamu uliochanganywa na radiamu, ukafungwa katika kibomba kinachoenea mkononi, ingawa si cha kushikwa kwa mkono. Hevesy alichukua kiasi cha lita 10 za kaboni disalfaidi, majimaji yenye salfa nyingi, yanayowaka upesi, yenye sumu na harufu isiyopendeza, akayaacha yapigwe na nyutroni kwa siku nyingi. Ndani ya lita hizo 10 zikazaliwa atomu za fosforasi chache kiasi kwamba jicho lisingeziona, wala mizani kuzipima.

Je, kitu kisichoonekana hutolewaje katika chupa kubwa namna hiyo? Hapa ile adhabu ya Manchester ililipwa. Kule alishindwa kuitenga radiamu D na risasi kwa sababu zilikuwa elementi moja. Safari hii kilichozaliwa hakikuwa salfa tena, bali elementi nyingine yenye tabia nyingine za kikemia, na kwa mwanakemia hiyo ni kazi ya kawaida: aliyavuta maji yenye asidi kutoka katika mchanganyiko, na fosforasi ikafuatana nayo, ikiiacha salfa nyuma. Mtu aliyeshindwa miaka miwili kwa kutenga visivyotengeka alijua kuliko wote ni wakati gani kutenga kunawezekana.

Vyanzo vya kwanza vilikuwa dhaifu. Tarehe 7 Oktoba 1935 Niels Bohr alitimiza miaka 50, na marafiki zake, Hevesy akiwa mbele, walifanya mchango nchini Denmark wa kroner 100,000, zikanunuliwa miligramu 600 za radiamu kuwa zawadi yake. Radiamu hiyo ilipochanganywa na beriliamu, maabara ikapata chanzo chake chenye nguvu. Zaidi kidogo ya nusu gramu kwa kroner 100,000! Msomaji wa upande wetu wa Afrika hana budi kukumbuka jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya hulipita upesi. Katika miaka ile sehemu kubwa ya radiamu iliyouzwa duniani ilitoka katika mawe ya Shinkolobwe, Katanga, yaliyochimbwa na wafanyakazi wa Kikongo chini ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière na kusafishwa Oolen, Ubelgiji. Mikono iliyoyatoa mawe hayo ardhini haikupimwa mionzi, na kijiji cha mchimbaji hakikupata hata sindano moja ya elimu iliyotokana nayo. Hevesy hakuwa mwenye kampuni. Twalisema kwa sababu ni sehemu ya habari.

Mwaka 1935 huo huo, pamoja na daktari aitwaye Chiewitz, aliwapa panya fosforasi yake na kufuatilia ilikokwenda. Wengi waliamini wakati ule kwamba mfupa wa mtu mzima ni kama nguzo ya nyumba, ukiisha kusimamishwa husimama vivyo hivyo hadi mwisho. Panya walionyesha kinyume chake. Fosforasi mpya iliingia katika mifupa na ya zamani ikatoka, mchana na usiku, hata katika mnyama aliyekoma kukua. Mfupa hujengwa na kubomolewa daima. Kamera ile ya Ocean Road tuliyoanza nayo yategemea jambo hilo hilo: dawa inayodungwa ni kiwanja cha fosforasi kilichobebeshwa atomu yenye mionzi, nayo hukimbilia pale ambapo mfupa unajengwa kwa pupa, mathalani pale saratani ilipouvamia.

Watu wengine walimsaidia. August Krogh, mwanafiziolojia mashuhuri wa Denmark, alimfungulia milango ya biolojia. Hilde Levi, msichana wa Kiyahudi aliyekimbia Ujerumani, alitengeneza kwa mikono yake mashine za kuhesabia mionzi, kwa kuwa wakati ule hazikuuzwa dukani. Na kutoka California Ernest Lawrence, aliyebuni mashine ya saiklotroni, akaanza kumpelekea fosforasi yenye mionzi kwa njia ya posta, nyingi kuliko ile ya chupa. Mzigo ulisafiri juu ya bahari huku ukipungua, na kwa kuwa nusu yake hudumu siku 14, kilichofika kilitosha kazi. Mwaka 1938 Copenhagen ikapata saiklotroni yake.

Majeshi ya Hitler yaliingia Denmark tarehe 9 Aprili 1940. Katika maabara ya Bohr mlikuwa na medali mbili za dhahabu za Tuzo ya Nobel, amana za Max von Laue na James Franck, zenye majina yao yamechorwa juu yake. Kutoa dhahabu Ujerumani lilikuwa kosa kubwa, na kama zingekamatwa, Laue aliyebaki huko angaliangamia. Hevesy aliziyeyusha katika mchanganyiko wa asidi mbili kali wakati askari wakipita barabarani, akaiweka chupa rafuni kati ya chupa nyingine. Vita vilipokwisha chupa ilikuwa pale pale. Dhahabu ikatolewa na medali zikapigwa upya. Yeye mwenyewe alikimbilia Sweden mwaka 1943. Huko Stockholm ndiko alikopata habari kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943, iliyotangazwa mwaka 1944, kwa ajili ya viashiria vyake.

Baada ya vita vinu vya nyuklia vilianza kutoa isotopu kwa wingi. Kuanzia mwaka 1946 kinu cha Oak Ridge, Marekani, kiliziuzia hospitali na maabara vitu ambavyo Hevesy alivipata kwa punje. Walakini wingi haukuondoa tatizo la asili la vitu hivi, nalo ni kwamba haviwekwi akiba. Wasomaji waliosoma kitabu cha Kutoka wataikumbuka mana ya jangwani: aliyeiweka hata asubuhi aliikuta imeharibika. Isotopu ifaayo kwa picha ni ile inayotoweka upesi, ili mgonjwa asibaki na mionzi mwilini. Na itowekayo upesi haiwezi kukaa ghalani wala kusafiri mbali.

Njia ya kulitatua fumbo hilo ilitengenezwa Brookhaven, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, nayo yafanana na kile kibomba cha Vienna ambamo kitu kimoja kikichakaa huzaa kingine. Elementi iitwayo teknetiamu ina namna moja inayopungua kwa nusu kila saa 6, yenye miali inayofaa sana kwa kamera. Huzaliwa kutokana na molibdeni ya 99, ambayo hupungua kwa nusu kila saa 66. Basi hupelekwa hospitalini si teknetiamu, bali mama yake, akiwa amenaswa katika kijibomba cha unga wa alumina ndani ya kasha la risasi. Kila asubuhi fundi hupitisha maji ya chumvi katika kijibomba. Molibdeni hubaki, teknetiamu hutoka na maji. Kesho yake imekwisha kuzaliwa nyingine. Wahudumu wa Ulaya na Marekani wakaliita kasha hilo ng'ombe, kwa sababu hukamuliwa. Hospitali yenye ng'ombe wa namna hii hutengeneza viashiria vyake yenyewe, mezani, kwa wiki nzima hivi, bila kinu wala saiklotroni.

Hata hivyo ng'ombe huyu huzeeka akiwa njiani. Tanzania haina kinu cha nyuklia, na makasha hayo huja kwa ndege. Na tufanye hesabu. Kasha likishuka uwanja wa ndege Ijumaa saa tisa alasiri, na mwenye kutia sahihi akawa amekwisha kwenda nyumbani, likakaa hadi Jumatatu saa tatu asubuhi, ni saa 66 kamili. Nusu yake imekwisha. Hapana aliyeiba, hapana aliyevunja kitu, kasha ni zima na lakiri haikuguswa. Lakini nusu ya wagonjwa waliopangwa wiki ile hawatapigwa picha, na fedha ya taifa iliyolipwa kwa kasha zima imenunua nusu. Mpakuzi wa mizigo, karani wa forodha na dereva wa gari la hospitali wamo katika kazi hii sawasawa na daktari, na ni haki yao waelezwe mapema ni nini walichokishika.

Hata nchi tajiri zilipata kuonja uchungu huo. Mwezi Mei wa masaibu haukuwako katika kalenda zao. Ulikuja Mei 2009, kinu cha Chalk River, Canada, kilipofungwa kwa hitilafu hadi Agosti 2010, na Februari 2010 kinu cha Petten, Uholanzi, kikasimama pia kwa matengenezo. Molibdeni ya dunia ilikuwa ikitoka katika vinu vichache vilivyozeeka, na hospitali za Ulaya na Marekani zikaahirisha vipimo. Miongoni mwa vilivyoziba pengo hilo ni kinu cha Pelindaba, Afrika Kusini, kilichowashwa mwaka 1965 katika siku za ubaguzi wa rangi, na ambacho katika Afrika Kusini huru kimekuwa mmoja wa wauzaji wakubwa wa molibdeni duniani. Jirani zetu wa Nairobi nao wamekwisha kupata saiklotroni za hospitali. Hizo hutengeneza florini ya 18, ambayo hupungua kwa nusu kila dakika 110, na kwa sababu hiyo haina budi kutengenezwa mahali pasipo mbali sana na mgonjwa.

Hevesy aliishi hadi kuona mwanzo wa makasha hayo. Aliendelea na kazi Stockholm akiwa raia wa Sweden, akichunguza damu na jinsi mionzi inavyoziathiri chembe za saratani, na mwaka 1959 akapewa tuzo ya Atomu kwa Amani. Alifariki Freiburg tarehe 5 Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 80. Mwaka 2001 mabaki yake yalihamishwa na kuzikwa Budapest, mji aliouacha mwaka 1920.